Chatboti za mawakili wa uhamiaji Marekani na uzito wa neno "hustahiki"

#1. Mleta uzi (Columbus, Ohio)

Habari zenu wanajukwaa.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa mpokezi na mkalimani katika ofisi ndogo ya mawakili wa uhamiaji hapa Ohio. Kazi yangu kubwa ni kumsikiliza mtu kabla hajaonana na wakili: aliingia lini, kwa viza gani, ana kesi mahakamani au hana, na kama kuna mlango wowote wa sheria unaomfaa. Kazi hiyo ndiyo ambayo ofisi nyingi sasa zinaikabidhi kwa akili mnemba. Unafungua tovuti ya ofisi au unatuma ujumbe wa WhatsApp, chatboti inakusalimu kwa Kiswahili kizuri tu, inakuuliza maswali kumi au kumi na matano, kisha inakujibu kwamba huenda unastahiki, au kwamba kwa maelezo uliyotoa hustahiki. Ninaandika kuhusu jibu hilo la pili.

Sitaki nieleweke kwamba ninapinga mashine. Anayetoka zamu ya ghala saa sita usiku hana wa kumpigia simu wakati huo, na saa ambayo wakili anafungua ofisi ndiyo saa ambayo yeye amelala. Chatboti humsikiliza usiku ule ule, huchukua majina ya pande zote ili ofisi ijue mapema kama haijapata kumwakilisha mtu mwenye mgogoro naye, huuliza kama kuna tarehe ya mahakama, na kama kuna ndugu aliyeshikiliwa kizuizini humjulisha wakili papo hapo. Nimeona pia jambo ambalo sikulitarajia: wapo akina mama wanaoiandikia mashine mambo waliyofanyiwa vitani ambayo mbele yangu, mwanamume wa rika la watoto wao, wasingeyatamka kamwe.

Tatizo linaanza pale mashine inapotoa hukumu. Mama mmoja wa Kivu Kusini, aliyekaa miaka mingi kambi ya Nyarugusu kule Kigoma kabla ya kuletwa huku kama mkimbizi, aliandika kwenye chatboti yetu kwamba anataka kumwombea uraia mwanawe wa miaka 20. Mashine iliuliza maswali ya fomu ya uraia, N-400: ana grini kadi kwa muda gani, amewahi kukamatwa? Mama akasema ukweli, kwamba kijana alikamatwa mwaka uliopita kwa ugomvi. Chatboti ikamwambia kwa adabu kubwa kwamba kwa sasa mwanawe huenda hastahiki, na ikamtakia siku njema.

Ambacho mashine haikuuliza ni lini mama mwenyewe aliapa kuwa raia. Alikuwa ameapa kijana akiwa na miaka 16, akiishi naye nyumba moja, tayari ana grini kadi. Kwa sheria ya uraia wa watoto ya mwaka 2000, iliyoanza kutumika tarehe 27 Februari 2001, mtoto wa namna hiyo anakuwa raia palepale, bila fomu na bila kiapo. Kijana alikuwa raia wa Marekani kwa miaka minne bila kujua, na alichohitaji ni pasipoti au cheti cha kuthibitisha uraia wake. Mama alirudi kwetu baada ya miezi minane, na aliyemrudisha ni mwimbaji mwenzake wa kwaya ambaye mwanawe alipitia njia hiyo hiyo. Kwa miezi minane yote hiyo alikuwa akilala na hofu kwamba mwanawe atafukuzwa nchini.

Makosa ya mashine hayalingani uzito. Anayeambiwa kimakosa kwamba huenda anastahiki ataletwa mbele ya wakili, na wakili atalikamata kosa ndani ya nusu saa. Hasara yake ni ada ya ushauri na uchungu wa matumaini yaliyovunjika. Anayeambiwa kimakosa kwamba hastahiki hafiki popote. Halalamiki, kwa sababu hajui kuwa amekosewa. Wakili hamjui, kwa sababu hakumwona. Na katika hesabu za ofisi anaandikwa kuwa mtu aliyechujwa vizuri. Kampuni inayouza chatboti itakuja na jedwali la saa ilizookoa, na mtu huyo atakuwemo ndani ya saa hizo.

Mashine hujibu swali lililoulizwa, ilhali katika uhamiaji mteja mara nyingi haulizi swali linalomfaa. Mwanafunzi aliyeingia kwa viza ya masomo miaka mitatu iliyopita, kisha nyumbani mambo yakaharibika, atauliza kama anaweza kuomba hifadhi, yaani kujilipua kama tunavyosema mtaani. Chatboti inajua kwamba ombi la hifadhi hutakiwa kuwasilishwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia, kwa hiyo inahesabu miaka na kusema muda umepita. Haikuuliza kama bado alikuwa na hadhi halali ya mwanafunzi, ingawa kanuni zenyewe zinaitaja hali hiyo miongoni mwa sababu za kusamehe ucheleweshaji. Haikuuliza kama hali ya nchini kwake imebadilika. Na haikumwambia kwamba kinga ya kutorudishwa kwenye nchi ambako maisha yako yamo hatarini haina ukomo huo wa mwaka.

Sasa niingie kwenye lugha, kwa sababu hapa ndipo sisi tunaumia kuliko wanaozungumza Kihispania. Hata msaidizi wa mtandaoni wa idara ya uhamiaji, anayeitwa Emma na aliyeanza kazi mwaka 2015, anazungumza Kiingereza na Kihispania tu. Chatboti za kibiashara zinajua Kiswahili, lakini ni Kiswahili kinachogeuzwa Kiingereza kwa ajili ya wakili, na katikati ya kugeuzwa huko kesi inaweza kufa.

Chukueni neno "askari". Mtu anaandika kwamba askari walikuja usiku wakampiga ndugu yake. Askari gani? Anaweza kuwa polisi, mwanajeshi, mgambo, askari wa hifadhi ya wanyama au mlinzi wa getini. Katika ombi la hifadhi hilo ndilo swali lenyewe, kwa kuwa mwombaji anapaswa kuonyesha kwamba anayemtesa ni serikali, au ni watu ambao serikali imeshindwa au imekataa kuwazuia. Nimesoma muhtasari wa mashine ulioandika "mlinzi" mahali ambapo mteja alimaanisha wanajeshi wa serikali, na kesi nzuri ikaonekana kama ugomvi wa binafsi. Aliyepigwa, ambaye alikuwa kaka yake, naye aligeuzwa kuwa dada, maana mashine ilikuwa imeshaamua mapema kwamba msimulizi anazungumzia mwanamke, na "alipigwa" yetu haisemi ni nani.

"Mtoto wangu" na "ndugu yangu" ni mitego mingine. Mtoto wa marehemu dada yangu niliyemlea tangu akiwa mchanga ni mwanangu, na mtu yeyote wa kwetu atakayesema vinginevyo amenitukana. Sheria ya Marekani inamtambua mtoto wa kumzaa, wa kambo iwapo ndoa ilifungwa kabla hajafikisha miaka 18, au aliyeasiliwa kabla ya kutimiza miaka 16 na kukaa miaka miwili chini ya malezi ya aliyemwasili. Mpokezi Mswahili akisikia "mwanangu" huuliza taratibu, "Wa kumzaa, mama, au wa kumlea?" Swali hilo haliulizwi kwa ubaya, na mama hujibu bila kinyongo. Mashine ilipouliza kama mtoto ni "wa kibaiolojia", mteja wetu mmoja alijibu kwamba mtoto alisoma baiolojia mpaka kidato cha nne.

Na kuna "kosa". Chatboti yetu ya kwanza iliuliza, "Je, umewahi kufanya kosa lolote?" Mzee mmoja mcha Mungu akajibu ndiyo, kwa kuwa kwa imani yake hakuna mwanadamu asiye na kosa, na akawekewa alama ya mhalifu. Kwa upande wa pili yupo anayejibu hapana kwa nia njema kabisa, kwa sababu kesi yake "ilifutwa". Kwa sheria ya uhamiaji, mtu akikiri kosa mbele ya jaji na kuwekewa adhabu au sharti lolote la kumbana, hiyo ni hatia, hata kama mahakama ya jimbo ilikuja kuifuta kesi baada ya yeye kutimiza masharti.

Sitarefusha kuhusu mabadiliko ya sheria, ingawa yanastahili uzi wake. Juni 2025 Rais wa Marekani alitangaza kuzuia watu wa nchi kadhaa kuingia, na katika orodha ile ilikuwemo Kongo ya Brazzaville, si ile ya Kinshasa. Ndugu zetu wa Goma na Bukavu wakaambiwa na chatboti mbalimbali kwamba nchi yao imefungiwa, kwa sababu waliandika "Kongo" tu. Burundi ilikuwemo kwa masharti nusu, yaani zuio lisilo kamili. Desemba mwaka huo huo orodha ikaongezwa na Tanzania nayo ikaingia kwa masharti ya aina hiyo. Ombi la hifadhi, ambalo halikuwa na ada, likawekewa ada ya dola 100 kwa sheria ya Julai 2025. Mashine iliyofunzwa kabla ya hapo, na isiyolishwa taarifa mpya, hueleza mambo ya zamani kwa sauti ile ile ya uhakika.

Nani anabeba dhima? Chama cha Mawakili cha Marekani kilitoa mwongozo wake namba 512 mwezi Julai 2024, kikisema kwamba wakili anayetumia akili mnemba bado anabeba wajibu wake wote: kuielewa zana anayoitumia, kutunza siri, na kusimamia kazi inayofanywa kwa niaba yake. Nje ya fani hii kuna mfano ambao ninapenda kuutaja. Februari 2024 baraza moja la usuluhishi huko British Columbia, Kanada, liliiamuru Air Canada imlipe abiria aliyepotoshwa na chatboti yake kuhusu nauli ya msiba, na likakataa hoja kwamba chatboti ile ilikuwa inajitegemea kwa maneno yake. Tofauti ni kwamba abiria yule alikuwa na risiti mkononi. Yule mama wa Kivu angeonyesha nini?

Karibuni tujadili.

#2. Mchangiaji (Minneapolis)

Ahsante mkuu kwa uzi huu. Nina hoja ya kukupinga kidogo.

Unalinganisha chatboti na mpokezi mzuri anayejua Kiswahili. Ofisi ngapi hapa Marekani zina mtu kama wewe? Kwa wengi wetu, asipojibiwa na mashine atajibiwa na yule kaka wa mtaani anayejaza fomu za watu kwa dola mia tano, ambaye si wakili wala mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, na ambaye hataki kabisa kukuambia hustahiki kwa sababu atakosa hela. Nimeona familia iliyojaziwa ombi la hifadhi la kunakili, kijiji cha mtu mwingine, tarehe za mtu mwingine. Katika mahakama ya uhamiaji huna haki ya kupewa wakili wa kulipiwa na serikali. Mashine isiyo na njaa ina nafuu yake, hata ikikosea.

Halafu kuna watu ambao kweli hawastahiki, na kuwaambia mapema ni kuwatendea haki. Kumwita mtu aliyesafiri saa nne, akalipa ada ya ushauri, halafu umwambie kile ambacho ungemwambia kwa simu, nako ni kumwonea.

#3. Mleta uzi

Mkuu, umenibana mahali pazuri na sitakwepa. Kuhusu yule kaka wa dola mia tano nakubaliana nawe moja kwa moja. Hata hivyo angalia tofauti: yeye anaharibu kwa kusema ndiyo, na uharibifu wake hatimaye unaonekana mezani kwa hakimu. Mimi ninazungumzia uharibifu usioonekana.

Kuhusu wasiostahiki kweli, ofisi yetu ilibadilisha utaratibu badala ya kuitoa mashine. Chatboti sasa haina ruhusa ya kutamka kwamba mtu anastahiki wala hastahiki. Inakusanya habari, inauliza maswali ambayo mteja hakuyafikiria, mathalani tarehe ambayo kila mzazi aliapa, na kama mtu amewahi kujaza fomu ya ajira I-9 akaweka alama kwamba ni raia. Hili la mwisho ni zito: aliyedai uraia wa uongo tangu tarehe 30 Septemba 1996 anaweza kufungiwa milango karibu yote, na mashine ya zamani ilikuwa inawapa watu hao matumaini bila kuuliza. Baada ya hapo mtu anasoma mazungumzo yenyewe kwa Kiswahili chake, si muhtasari wa Kiingereza. Mara nyingi ninahitaji dakika sita au saba kwa mmoja. Kama jibu ni hapana, wakili ndiye analiamua, na mimi ninapiga simu kulifikisha na kueleza kwa nini, na nini kikibadilika arudi. Hakuna anayesafiri saa nne.

Gharama imepanda, sikatai. Mwenye ofisi alilalamika.

#4. Mchangiaji (Nairobi)

Samahani kwa kuingilia. Dada yangu yuko Texas na amekuwa akizungumza na hizi chatboti za bure za kwenye simu, si ya ofisi yoyote, akiweka hadi namba yake ya uhamiaji na tarehe alizovuka mpaka. Je, maelezo hayo yanalindwa kama anayompa wakili?

#5. Mleta uzi

Dada, mwambie aache leo. Anayemwendea wakili kutafuta ushauri, hata kabla ya kuwa mteja, anatunziwa siri kwa kanuni za mawakili. Wakili haruhusiwi kufichua wala kutumia aliyoambiwa kana kwamba ni mali yake. Chatboti ya umma si wakili, na kampuni inayoiendesha inaweza kuhifadhi mazungumzo na kutakiwa kuyatoa kwa amri ya mahakama. Kwa chatboti ya ofisi, aulize mambo mawili kabla ya kuandika lolote: nani anahifadhi mazungumzo haya, na kama yanatumika kuifunza mashine. Ofisi isiyojua majibu haijaielewa zana yake, na hapo atafute nyingine. Jina la nchi, mwaka wa kuingia na aina ya viza vinatosha kwa hatua ya kwanza. Namba na tarehe kamili vingoje mtu.

#6. Mchangiaji (Dallas)

Mimi ni Mkongomani wa Uvira na ninaomba kuongeza juu ya lugha, kwa sababu mleta uzi amesema Kiswahili kana kwamba ni kimoja.

Mzee wetu mmoja aliiandikia chatboti jinsi waasi walivyoingia kijijini: "balitubebesha mizigo mupaka mu pori". Kwa kwetu hilo halina utata. Mashine ikatoa muhtasari kwamba mteja alibeba mizigo ya kundi lenye silaha. Angalieni kilichopotea. Ni kiambishi kimoja, kile "-esh-". Kubeba na kubebeshwa ni vitu viwili, na sheria ya Marekani kuhusu kuyasaidia makundi yenye silaha ni kali kiasi kwamba hata aliyelazimishwa hana kinga ya moja kwa moja. Anahitaji msamaha maalumu unaotolewa na serikali, na msamaha huo unaanza kwa kuonyesha kwamba alilazimishwa. Mzee alikuwa amelisema katikati ya kitenzi, mashine ikalitupa. Ikamwambia kuna "changamoto kubwa" katika ustahiki wake. Hajaenda kwa wakili yeyote mpaka sasa, ninamshawishi.

#7. Mleta uzi

Kaka wa Uvira, nimesoma mchango wako mara tatu. Nimeomba ofisini kwamba mazungumzo ya Kiswahili cha Kongo yasomwe na Mkongomani, kwa sababu hata mimi wa Tanga ninaweza kupitwa. Mlete mzee, mjulishe kwamba msamaha huo upo na umewahi kutolewa kwa watu wa hali yake.

#8. Mchangiaji (Minneapolis)

Mkuu, nina swali moja kisha ninanyamaza. Wale walioambiwa hawastahiki kabla hamjabadilisha utaratibu, mliwarudia?

#9. Mleta uzi

Nilijua mtu atauliza. Ndiyo, lakini kampuni ya chatboti ilikuwa inahifadhi mazungumzo kwa siku 90 tu, kwa hiyo ya kabla ya hapo hatukuyapata. Yaliyobaki niliyasoma jioni, baada ya kazi, kwa muda wa wiki mbili. Mengi mashine ilikuwa sahihi, na ninalisema hilo kwa haki yake.

Moja lilikuwa la kijana aliyeuliza kama anaweza kumleta mkewe aliyebaki kambini Nyarugusu. Mashine ilimuuliza kama ni raia au ana grini kadi, akajibu kwamba hana chochote kati ya hivyo, ikamwambia hastahiki kumwombea mke. Alikuwa mkimbizi aliyefika chini ya miaka miwili kabla, na walioana kabla hajasafiri. Mtu wa namna hiyo anamwombea mke kwa fomu I-730, haina ada, ila ni lazima iwasilishwe ndani ya miaka miwili tangu aingie nchini. Nilipohesabu tarehe, zilikuwa zimebaki wiki tano. Tulimpata kazini kwake, kiwanda cha kusindika nyama, na fomu ikaingia ikiwa na siku kumi na moja mkononi.

Mwingine alikuwa mwanamke aliyeuliza jambo linalofanana na hilo, lakini la watoto wawili. Nilipiga namba aliyoiacha kwa siku nne mfululizo. Siku ya tano ikapokewa na mtu mwingine, akaniambia laini hiyo ameisajili mwezi uliopita.